Nishukuru nini, na miembe mwaka huu haina kitu?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi ni dada wa miaka 36, nina watoto wawili. Baba yetu alifariki mwaka juzi akatuachia shamba la matunda la ekari mbili, lenye miembe 48 na miparachichi 23. Kaka zangu wana kazi zao mbali, hivyo mimi na mume wangu ndio tunaolitunza.

Mwaka jana miembe ilizaa mpaka tukasimamisha nguzo kuyashikilia matawi. Tulicheka, tulishukuru, tukalipa madeni. Mwaka huu miembe ileile, yenye majani mazuri kabisa, imetoa maua ya kuhesabika, na hayo machache yalipopigwa na ukungu wa asubuhi wiki mbili mfululizo yakawa meusi. Nimezunguka shamba lote, sioni matunda ya kujaza kreti kumi.

Kila ninayemweleza ananiambia nishukuru tu. Jioni familia ikikaa pamoja, kila mtu hutaja jambo moja la kushukuru. Zamu yangu ikifika nasema "afya", nami najua moyoni kwamba nimesema ili zamu ipite. Mama, nishukuru nini hasa? Halafu kaka yangu mkubwa ananiuliza kama kuna maana ya kupanda miche mipya mahali pa miembe mitano iliyozeeka ikafa, au ni kujifariji tu. Sina la kumjibu.

*Mrithi wa shamba*

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa shambani kwangu, nimekaa juu ya kisiki cha mparachichi ambacho habari zake nitakupa baadaye kidogo.

Tuanze na miembe, maana kuna huzuni inayopungua mtu akishajua kilichotokea. Mwembe hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyokwisha kukomaa. Mti uliobeba mzigo kama ule wa mwaka jana hutumia karibu akiba yake yote ya chakula kukuza matunda. Ukimaliza kuvunwa unakuwa umechoka, hauna nguvu ya kuchipua mapema, na majira ya maua yanapofika ncha zake bado changa au hazijachipua kabisa. Ndipo unatoa majani badala ya maua. Wakulima husema mti umepumzika. Miembe mingi ina tabia hiyo, miparachichi inayo, hata mizeituni na baadhi ya mitufaha inayo. Kwa hiyo zile nguzo mlizosimamisha mwaka jana na utupu unaouona mwaka huu ni habari moja yenye kurasa mbili. Nakuandikia hili kwa mkazo kwa sababu najua kuna mtu amekwisha kukunong'oneza kwamba baraka ya shamba ilizikwa na baba yako. Haikuzikwa.

Mwaka ambao mti utazaa sana, pogoa mara tu baada ya kuvuna, usingoje. Punguza katikati ili mwanga na upepo vipite, ondoa matawi yanayokwaruzana, weka samadi iliyooza vizuri kuzunguka mti, chini ya kivuli chake na mbali kidogo na shina. Machipukizi yakitoka mapema yatapata miezi ya kukomaa kabla ya majira ya maua. Hutaifuta tabia ya kupumzika, lakini mwaka wa pili hautakuwa mtupu namna hii. Hayo maua yaliyokuwa meusi huenda yaliugua chule, ugonjwa wa kuvu unaopenda unyevunyevu. Ungekuwa ubwiri unga ungeona vumbi jeupe kama unga juu ya vishada. Kata vishada vilivyokauka na vijiti vilivyokufa uvitoe shambani, kwa kuwa chule hujificha humo ikingoja msimu ujao. Na matunda machache yaliyobaki yalinde kuliko ulivyoyalinda mengi ya mwaka jana. Nzi wa matunda wakikosa maembe kwingine hukusanyika kwenye hayohayo. Okota kila siku yaliyodondoka, yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge, uuache juani siku kadhaa mpaka mabuu yafe.

Sasa nije kwenye zamu yako ya jioni.

Nilipokuwa na umri unaoukaribia wako, mume wangu aliugua akafariki, nikabaki na miti 71 na watoto wadogo. Miparachichi ilikuwa 14. Nilikuwa naiogopea. Nilichimba mfereji kuileta maji karibu, nikamwagilia kila baada ya siku moja hata udongo ukiwa bado umelowa, nikakusanya udongo kukumbatia mashina nikidhani nayapa joto. Msimu uliofuata majani yakaanza kutoka madogo, yamepauka. Kisha ncha za juu zikakauka. Nilipofukua kutazama mizizi, ile myembamba inayonyonya maji ilikuwa myeusi, ukiigusa inakatika. Ni ugonjwa wa kuoza mizizi unaoletwa na kijidudu kiitwacho Phytophthora, ambacho huogelea kwenye udongo uliojaa maji. Maji yangu ndiyo yaliyokibeba kutoka mti hadi mti. Katika misimu miwili nilipoteza tisa kati ya 14. Kisiki ninachokalia ni mmoja wa hiyo tisa.

Watu wakaniambia nishukuru. Nilijaribu kweli. Nilikuwa nalala nikihesabu vitu vya kushukuru: watoto, paa, pumzi. Kila nilichokihesabu kilikuwa kweli na hakuna hata kimoja kilichonigusa. Nilidhani moyo wangu umeharibika.

Siku moja nikafungua daftari la mume wangu kutafuta mwaka aliopanda ile miparachichi, nijue ilikufa na umri gani. Alikuwa na mwandiko mbaya na tabia nzuri ya kuandika kila kitu. Nikakuta: "Mche wa 6. Shimo amechimba jirani, mgongo wangu unauma." Mche wa 9: "Kikonyo cha kuunganishia kimetoka kwenye mti wa shemeji, amekikata mwenyewe, hakutaka malipo." Mbele zaidi: "Samadi kutoka kwa mama mkwe, mikokoteni miwili." Na palipoandikwa mche wa 11: "Mke wangu ameumwagilia usiku, mimi sikuwepo." Nilikuwa nimeusahau kabisa usiku ule. Niliposoma nikaukumbuka, pamoja na taa, pamoja na vyura.

Nikakaa na lile daftari mpaka giza likaingia. Shamba nililodhani ni letu wawili lilikuwa limejengwa na mikono ya watu kumi na kitu, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa kilichotokana na kazi yao. Wiki ileile nikaenda kwa yule jirani aliyechimba shimo. Alikuwa amezeeka, miguu haimchukui mbali. Nikamwambia mche wa 6 ni mmoja wa mitano iliyobaki, na umezaa. Hakukumbuka kuchimba shimo lolote. Akaniuliza, "Mimi?" Nikamwambia ndiyo, wewe, imeandikwa. Aliomba apelekwe auone. Wanangu wakamshika huku na huku, akafika, akauwekea kiganja kwenye shina, akasimama pale kwa muda mrefu kuliko miguu yake ilivyoruhusu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini orodha zangu za usiku hazikunigusa. Zilikuwa shukrani za jumla, hazina mtu wala siku. Tangu hapo sishukuru kwa jumla. Nikitaja jambo, nalitaja na jina la aliyelifanya, na ikiwezekana namfuata nimwambie.

Kwa hiyo acha kusema "afya" kama huisemi kwa kweli. Tafuta nani alibebesha miembe ya baba yako, yaani nani aliunganisha vikonyo, vile vijiti vya mti mzuri, kwenye mashina ya miche. Tafuta vikonyo vilitoka wapi, nani alishika ngazi, nani aliwasaidia kupakia mavuno mwaka wa mvua nyingi. Kama baba hakuandika, waulize wazee kabla nao hawajaondoka. Jioni ukiwa na jina moja, litaje. Siku usiyo nalo, sema "leo sina" na umpishe anayefuata. Watoto wako hawatadhurika kusikia hivyo. Watajua kwamba mama yao akishukuru, amemaanisha.

Kuna neno jingine nataka kukuambia, na kama nimekosea unisamehe. Huu ni msimu wa kwanza miti kupumzika ikiwa mikononi mwako, na mtu ambaye ungemuuliza "Baba, hii ni kawaida?" hayupo. Nadhani sehemu kubwa ya uzito unaoubeba ni hiyo. Watoto tuliokulia mashambani tunakumbuka miaka ya mavuno. Miaka ya kupumzika wazazi waliimeza kimya kimya, tukaona tu kwamba mwaka ule nguo mpya zimechelewa. Baba yako aliiona miaka kama huu, tena si mmoja. Kwenye miti mikubwa namna hiyo lazima aliiona mingi. Alijua, akaendelea kupogoa.

Halafu nimeona kitu kwenye barua yako. Umetaja miparachichi 23 mara moja, mwanzoni, kisha hukuitaja tena. Ikoje? Nina hakika hujaenda kuitazama kwa utulivu tangu maua ya miembe yalipoharibika. Nenda. Parachichi lina uungwana wake: haliivi likiwa mtini. Huanza kulainika baada ya kuchumwa, na aina kama Hass inaweza kubaki imening'inia miezi kadhaa baada ya kukomaa, ikikupa nafasi ya kuvuna kidogo kidogo badala ya kukimbizana na wanunuzi siku moja. Ukichuma, bakiza kikonyo kifupi kwenye tunda, usiling'oe, ili lisioze kuanzia kichwani. Sisemi yatafidia maembe. Nasema yapo, na yamekaa muda wote huu bila mtu kuyatazama.

Nimjibu sasa kaka yako.

Mwambie kuhusu huyo Hass. Rudolph Hass alikuwa mpeleka barua wa posta huko California. Mwaka 1926 alipanda mbegu za parachichi akikusudia miche yake iwe mashina ya kubebeshea aina iliyopendwa wakati ule, Fuerte. Mche mmoja ulikataa. Akabebesha, kikonyo kikafa, akarudia, kikafa tena. Alitaka kuukata, akashauriwa auache ukue. Ukazaa matunda yenye ganda la makwaruzo, linalogeuka jeusi likiiva, watu waliloliona baya. Watoto wake ndio walioonja wakasema haya ni matamu kuliko yale mengine. Mwaka 1935 aliupatia hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki ugunduzi huo. Mparachichi wowote wa Hass ulioko duniani leo asili yake ni vikonyo vya mti ule mmoja uliokuwa ukatwe. Na mti wenyewe ulikufa mwaka 2002, kwa kuoza mizizi, ugonjwa uleule ulioua miti yangu tisa. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilifarijika kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mti ulikufa baada ya miaka zaidi ya sabini, na siku unakufa ulikuwa umekwisha kuwa mashambani kwa watu wasiohesabika.

Mimi niliporudishia sikupanda kwenye mashimo yaleyale ya miparachichi iliyooza. Nilitengeneza vichuguu vya udongo upande wa juu, maji yasituame, nikaweka matandazo mazito ila sikuyagusisha shina. Nilipanda miche sita. Miwili ikafa. Minne ipo. Sikujua wakati ule kama kuna maana. Nilichojua ni kwamba mwembe au mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa ukiwa na miaka mitatu hadi mitano, na kwamba miaka hiyo itapita niwe nimepanda au sijapanda. Nikaandika kwenye daftari, chini ya mwandiko wa mume wangu, tarehe na namba ya kila mche, na mwaka ninaotazamia tunda la kwanza. Mche mmoja ulichelewa miaka miwili. Niliandika hilo pia.

Kwenu miembe ilikufa kwa uzee, hivyo huna sababu kubwa ya kuyaogopa mashimo yale kama nilivyoyaogopa mimi, ila ng'oa visiki na mizizi ya zamani kwanza, na uache udongo upumzike ukiwa na samadi. Na kaka yako usibishane naye. Mwombe kitu kimoja: aje siku ya kuchimba, achimbe shimo moja kwa mikono yake, nawe uandike "shimo la 3, kaka". Mengine uyaache. Mtu akishaandikwa kwenye daftari la shamba, huuliza habari za mti wake mwenyewe.

SWALI

Mama, mke wangu ndiye anayelibeba shamba letu la michungwa. Mimi naondoka alfajiri kazini narudi usiku. Namwambia asante kila siku, na naona kama neno limechakaa. Nimwonyesheje?

*Baba watatu*

JIBU

Muulize ni kazi gani pale shambani anaichukia, kisha ifanye wewe, kila juma, bila kukumbushwa na bila kutangaza. Kwetu ilikuwa kuokota matunda yaliyooza. Mume wangu aliichukua kazi hiyo mwaka wa pili wa ndoa na hakuniachia tena mpaka alipolazwa kitandani. Sikumbuki aliniambia asante mara ngapi. Ile ndoo yake naikumbuka, na bado ninayo.

Na ukiwa mbele ya wageni wanaosifu shamba, usiseme "tumejitahidi". Sema jina lake.

SWALI

Binti yangu wa miaka 9 anaupenda mparachichi ulio karibu na dirisha lake. Ulipochanua alifurahi sana, sasa maua yanadondoka kwa maelfu na yeye analia, anasema mti unakufa. Nimweleze nini?

*Mama wa mpenda miti*

JIBU

Mwambie ukweli, kwa sababu ni mzuri kuliko faraja yoyote ya kubuni. Mparachichi mkubwa unaweza kutoa maua hadi milioni moja, na katika kila maua elfu moja huenda hata moja lisifike kuwa tunda la kuchumwa. Mti wenyewe ndio unaoyaachia mengine. Ungejaribu kuyabeba yote, matawi yangevunjika. Akiuliza kama yaliyodondoka yamepotea bure, mwambie ndiyo yaliyowaita nyuki, na nyuki walipokuja walilihudumia na lile litakalobaki.

Kisha mpe kazi, maana mtoto anayelia kwa ajili ya mti ana macho yanayohitaji kutumika. Bado kuna maua ambayo hayajafunguka. Chagueni moja, mfunge uzi mwekundu kwenye kijiti chake. Ua la parachichi hufunguka mara mbili, siku mbili, na kila siku lina kazi tofauti. Mara ya kwanza hufunguka likiwa jike, limesimamisha kijiti kimoja katikati kinachopokea chavua. Halafu hujifunga kabisa, mtu angedhani limekufa. Kesho yake hufunguka tena likiwa dume, limesimamisha vijiti vinavyotoa chavua. Kwa Hass jike huonekana asubuhi, dume huonekana alasiri ya siku inayofuata. Kwa Fuerte jike ni alasiri, dume asubuhi ya kesho yake. Siku za baridi ratiba huvurugika, kwa hiyo msikate tamaa mkilikuta limechelewa.

Mwache achore alichokiona siku ya kwanza, na alichokiona siku ya pili, na aandike saa. Uzi msiufungue. Ua likidondoka atachagua jingine, uzi mwingine, yapo mengi. Na kama kimojawapo cha vijiti vyenye uzi kitakuwa na kitunda kidogo kama punje ya pilipili manga baada ya wiki chache, aniandikie. Nitaichapa barua yake hapa.